Siku Skuta Ilipokataa Mlima

Mwezi uliopita nilikuwa Kaplong, nimejikinga mvua kwenye kibaraza cha duka la dawa za mifugo, skuta kuukuu ikapita polepole mbele yangu. Si hizi za siku hizi ambazo ukizungusha mkono mmoja zinaenda zenyewe. Ilikuwa ya zamani, ya gia za mkononi, yenye tumbo pana nyuma na taa moja ya mviringo, na mzee aliyekuwa akiiendesha alikunja kifundo cha mkono wa kushoto kwa namna ninayoijua. Ilipopanda kuelekea barabara kubwa ilitoa ule moshi wa buluu. Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikanifikia, na mkono wangu ukatafuta ukuta. Mwenye duka akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia ni njaa tu.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka siku za kabla ya simu za mkononi, habari zilipoletwa na mtu aliyetoka mahali akafika kwako. Huku kwetu, upande wa Mogogosiek, habari nyingi zililetwa na baba yangu. Alikuwa tarishi wa hospitali ndogo ya misheni. Alipeleka barua, alipeleka dawa kwa wagonjwa wa kifua waliotibiwa nyumbani, alichukua chupa za damu na kuzipeleka kupimwa. Na mgonjwa alipofariki ndugu zake wakiwa mbali, Sista aliyesimamia wodi alimwita baba ofisini, akafunga mlango, kisha baba akatoka na kwenda kuwasha skuta.

Shule zilipofungwa nilikwenda naye. Mama alikuwa shambani akichuma chai kutwa nzima na hakutaka niachwe peke yangu nyumbani. Nilisimama mbele ya baba, miguu kwenye ule ubao wa chini, mikono imeshika katikati ya usukani, kidevu karibu na taa. Sijawahi kupanda kitu kingine duniani kikanipa furaha ile. Baba alibana klachi, akazungusha mkono wa kushoto, na chini ya nyayo zangu nikasikia tak. Gia ya kwanza, vidole vyake vilielekea juu. Ya pili vilinyooka mbele. Ya nne vilielekea ardhini, na hapo chai yote ya kulia na kushoto ilianza kukimbia kurudi nyuma, mistari yake ikifunguka na kufungika kama kitabu. Kwenye mteremko aliiweka gia huru ili kuokoa petroli, nasi tukashuka bila sauti, baridi ikinitoa machozi. Wakati mwingine aliniambia, "Weka mkono juu ya wangu," nikaweka, tukabadilisha gia pamoja.

Niliona mambo kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuyaunganisha. Tulipopeleka dawa au barua, baba aliingia na skuta ikinguruma mpaka mlangoni, watoto wakitukimbilia. Siku nyingine alizima injini tukiwa bado njiani, tukajiviringisha kimya hadi kwenye lango. Akashuka, akavua kofia yake ya sufu, akaniambia, "Shika skuta isianguke." Hapakuwa na hatari ya kuanguka, ilikuwa na stendi. Nilishika hata hivyo. Nilimwona akitembea kuelekea nyumba ambayo moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda vizuri, mama fulani akicheka na mtu, mzee akinoa panga. Baba akasema maneno machache. Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba ile, na ng'ombe wakainua vichwa.

Wachumaji wa chai walijua. Tulipopita walikuwa wameinama, vikapu mgongoni, vidole vikicheza juu ya majani. Waliposikia skuta waliacha kuchuma. Walisimama wima, mlima mzima, wakitazama tutapinda njia ipi. Tukishapita njia ya kwao, waliinama tena. Nilikuwa nimezoea kuwapungia watu mkono, lakini hawa hawakunipungia. Shuleni watoto wawili walikataa kukaa dawati moja nami. Mmoja alisema mama yake amemkataza kugusa nguo zangu kwa sababu zinapanda ile skuta.

Basi nikafikia uamuzi wangu, na nikiwa na miaka minane niliuona hauna kasoro. Watu wale walikuwa wazima mpaka tulipofika. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakicheka. Sisi tukifika ndipo mtu alipokufa. Sikuhusisha kabisa kifo na hospitali. Hospitalini nilikuwa naona watu wakipewa uji na kubadilishiwa bandeji. Kifo kilikuwa ndani ya skuta, mahali fulani chini ya kiti, na baba, ambaye alikuwa mtu mpole kuliko wote, hakujua anachobeba.

Jioni moja tulirudi kutoka nyumba ya namna hiyo na baba hakugusa chakula. Mama akamwambia, "Siku skuta itakataa kwenda, kuna nyumba moja italala vizuri."

Alikuwa anamfariji tu mume wake. Mimi nilisikia maagizo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, mvua ikiwa imenyesha asubuhi na kutulia. Tulikuwa hospitalini, mimi nikicheza karibu na bomba la maji nje ya jiko. Nikamwona Sista akija kwenye veranda na kumwita baba, na uso wake ulikuwa ule uso. Mlango wa ofisi ukafungwa. Pale bombani palikuwa na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Nililijaza. Nilikuwa nimemwona baba mara nyingi akiinua kiti cha skuta, akifungua kifuniko cha tangi na kutia petroli iliyochanganywa na oili, na alikuwa ameniambia tangi hilo haliruhusiwi kuingiwa hata na tone la maji. Niliinua kiti kwa mabega. Nikamimina kopo zima. Nikafunga vizuri, nikapangusa kwa sketi yangu.

Baba alipotoka hakuvaa kofia. Aliniita. "Njoo kidogo. Kuna mama anataka kukuona."

Sikuwa nimewahi kuingia wodini. Mama huyo alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amekonda lakini macho yake yalikuwa makali na ya uchangamfu. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha bati cha chai. Alinishika mkono akauangalia kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe ni wa darasa gani?"

"La pili."

"Chelimo wangu pia ni la pili." Akamgeukia baba. "Sasa utamleta leo? Yeye na baba yake. Kesho itakuwa mbali."

"Nitawaleta sasa hivi," baba akasema. "Hiyo safari si ndefu."

Nilielewa maneno yote na sikuelewa chochote. Nilichokishika ni hiki tu: huyu mama yuko hai, anaongea, na sisi tunakwenda nyumbani kwake na skuta. Tukifika, atakufa. Tusipofika, hatakufa. Na maji yalikuwa tayari ndani ya tangi. Nilipanda mahali pangu mbele ya baba nikiwa na furaha ambayo sijui niiite nini.

Skuta iliwaka kwa kiki moja. Nilishtuka. Tukapita kiwanda cha chai, tukateremka ule mteremko mrefu kwa gia huru, tukavuka daraja la mto. Baba akatia gia ya tatu kupanda, akashusha ya pili, akashusha ya kwanza. Injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza, pale pale kwenye kona iliyo na miti ya mikaratusi.

Baba alipiga kiki mpaka koti likamtoka begani. Alifungua ubavu wa skuta, akatoa plagi, akaipangusa kwa shati, akaipuliza, akairudisha. Akapiga kiki tena. Akaitoa tena na kuiangalia karibu na jicho.

"Imekunywa maji," akasema. "Sijui hiyo maji imetoka wapi."

Aliniangalia kidogo. Kisha akaangalia mawingu.

Ningeweza kusema wakati ule. Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema, angefanya nini. Labda angemwaga tangi lote, akaomba petroli kwenye kiwanda, tukafika. Labda. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikizungusha jani la chai mdomoni, nikijaribu kuficha kwamba nimefurahi. Baba aliilaza skuta kati ya mistari ya chai, akanishika mkono tukaanza kutembea. Kwenye mlima wa pili alinibeba mgongoni. Nilisikia moyo wake ukipiga kwenye kifua changu na sikujua ni kwa nini ana haraka namna ile.

Tulipofika, Mzee Koros, mume wa yule mama, alikuwa akipasua kuni. Chelimo alikuwa mlangoni, msichana wa kimo changu mwenye gambuti, buti kubwa za mpira za mtu mwingine, akisugua sufuria kwa majivu.

"Chamgei," baba akasalimia, akihema. "Mama Chelimo anakuita. Wewe na mtoto. Twende sasa."

"Yuko hai?"

"Nimemwacha akiongea."

Mzee Koros aliangalia viatu vya baba vilivyojaa matope. "Skuta iko wapi?"

"Imekataa."

Mzee aliacha shoka likiwa limekwama kwenye gogo. Tulishuka wote wanne, nusu tukikimbia, mpaka kituo cha kupimia majani, tukangoja lori lipakiwe magunia, kwa sababu dereva hakuweza kuondoka bila mzigo. Mimi na Chelimo tulikaa juu ya magunia yenye joto. Majani ya chai yaliyochumwa yanakuwa na joto la mwili ukiyalalia.

Sista alikuwa amesimama kwenye veranda. Mzee Koros alimwona, akaacha kutembea. Chelimo hakuacha. Alipita katikati ya watu wazima, akaingia wodini, akapanda kitandani na gambuti zake za matope, na hakuna aliyemzuia. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikaingia, nikasimama karibu na kikombe cha bati. Nikakigusa. Kilikuwa bado na joto.

Nitasema ukweli wote. Usiku huo sikujuta. Nilidhani nilitia maji kidogo mno.

Ilichukua miaka miwili, mitatu, nikaelewa polepole nilichofanya, jinsi mtu anavyoelewa lugha, neno moja baada ya jingine, mpaka siku moja unagundua unasikia kila kitu. Sikumwambia mtu. Sikupanda skuta tena, nikasema inanitapisha. Kanisani, Mzee Koros alipompita baba mlangoni hakumpa mkono. Baba aliunyoosha kila Jumapili na kila Jumapili uliachwa pale hewani. Nilidhani mzee anaogopa mkono wa tarishi kama wale watoto wa shuleni walivyoogopa nguo zangu.

Simu zilipokuja hakuna aliyemhitaji tena baba kubeba habari. Skuta ikaingizwa kwenye banda, kuku wakataga mayai kwenye ubao nilipokuwa nikisimama. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nafanya kazi maktabani Kabianga, nina watoto wawili, wakati niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Nilimkuta baba mchana mmoja akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia yote, kopo, bomba, sketi. Aliendelea kutoa vijiwe.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Nilirudi kuchukua skuta, nikamwaga tangi. Maji ilikuwa kopo nzima. Mvua haiwezi kuingia kopo nzima. Na sketi yako ilikuwa na oili."

"Na hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Ulikuwa mtoto."

"Mzee Koros alijua?"

Baba alisogeza ungo. "Nilimwambia ni mimi. Nikamwambia nilisahau kufunika tangi ikanyeshewa. Angetaka kujua, na lazima kungekuwa na mtu wa kulaumiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa ule mkono wa kila Jumapili. Nilisema nitakwenda kwa Mzee Koros kesho yake. Baba alinikataza, bila ukali. "Acha. Mimi nimezoea." Na mimi, mtu mzima, nilishukuru kukatazwa. Mzee Koros alifariki kabla ya mwaka kuisha. Baba akamfuata masika yaliyofuata. Kwenye mazishi ya baba watu wa boma la Mzee Koros hawakuja.

Nilipotoka Kaplong siku ile ya mvua sikurudi Kabianga. Niliendesha gari mpaka Mogogosiek. Chelimo alirudi kwa baba yake zamani baada ya ndoa kuvunjika, anafuga ng'ombe wa maziwa pale pale. Nilimkuta akitoka zizini. Amekuwa mama mnene, wa sauti ya chini. Alinitambua, akanipa kiti nje ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia, nilimweleza kama mtu anayesoma orodha. Alinisikiliza akiangalia ndoo ya maziwa.

Nilipomaliza alifukuza nzi kwenye ndoo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana uliniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Kwa lori. Tulikuwa tumelala juu ya magunia. Uliniambia kwa sikio, mama yako hatakufa, nimeshazuia."

Sikumbuki. Nimejaribu tangu siku hiyo, nimelala chini na kufunga macho, nimekumbuka joto la majani na harufu ya magunia na rangi ya gambuti zake, lakini maneno hayo siyapati. Yapo kwake tu.

"Nilikuamini," Chelimo akasema. "Mpaka nikapanda kile kitanda nilikuwa nakuamini. Nilifikiri amelala. Wakati wote sikujua ulijuaje jambo kama hilo. Nilipokuwa mkubwa nikafikiri ni mimi nilijitungia."

"Nisamehe."

"Baba yangu alikufa bila kumsalimia baba yako," akasema. "Sasa hiyo nitaipeleka wapi?"

Aliinuka, akafunika ndoo, akamwita binti yake aichukue. Akavaa sweta juu ya nguo ya kazi.

"Nionyeshe mahali skuta ilisimama."

Tulikwenda na gari langu. Barabara imetiwa lami sasa, na kwenye milima ile ambako watu walisimama kututazama kuna mashine inayokata chai, wanaume wawili wakiishika huku na huku, na kelele zake zinajaza bonde. Daraja ni jipya. Lakini kona iko vilevile, na mikaratusi iko, minene zaidi. Nilisimamisha gari. Nikamwonyesha jiwe nililokalia, au jingine linalofanana nalo.

Chelimo aliangalia juu mlimani, upande wa kwao. Akakunja mkono wa sweta, akatazama saa yake.

"Acha gari hapa," akasema. "Twende kwa miguu. Nataka kujua mlichukua muda gani."

Tulitembea. Kwenye mlima wa pili nilianza kuhema, akapunguza mwendo, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo akaongeza tena, na mimi nikajitahidi kumfikia. Watu waliokuwa wakitoka dukani walitusalimia, tukaitikia. Alipitia njia ya mkato kando ya ua la miiba, nikamwambia hatukupita hapo siku ile, tulizunguka na barabara. Akarudi nyuma bila kubisha, tukazunguka na barabara.

Tulipofika langoni kwao alisimama. Aliangalia saa kwa muda mrefu, mrefu kuliko unavyohitaji kusoma saa. Nilingoja aniambie. Akavuta mkono wa sweta, akaifunika.

"Ingia," akasema. "Watoto wamechemsha chai."